Nilivyoiosha Nivo ya Baba

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Baraka, kando ya ziwa, na mkoba wangu unajulikana na wazazi wote. Ndani yake mna chaki, kalamu yangu ya bic nyekundu, na vitu vyote ninavyowanyang'anya watoto wakati wa somo: mpira wa karatasi, biskuti iliyong'atwa nusu, na gololi. Gololi hasa. Huwa ninaahidi kuzirudisha Ijumaa, halafu ninasahau. Mume wangu anasema siku nikifa watoto wa shule watakuja kwenye matanga kudai gololi zao kwanza, ndipo walie. Ninaanza na mkoba huu kwa sababu bila gololi moja iliyokuwa imelala chini yake, familia yetu ingemfukuza mtu aliyekuwa anasema kweli, na mimi ndiye ningemfungulia mlango.

Baba yangu alikuwa mason, fundi wa kujenga. Alijenga darasa ninalofundisha, alijenga nusu ya nyumba za matofali za mtaa wetu, na alijenga hata ukuta wa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani. Mambo yake mawili yalijulikana na kila mtu. La kwanza: kijana akimaliza kujifunza kwake, baba hakumpa cheti, kwa vile yeye mwenyewe hakuwahi kukishika. Alimpa mwiko mpya wa kujengea na kumkalisha mezani kwetu ale bugali na samaki mpaka ashibe. La pili ni namna alivyoitumia nivo yake.

Nivo ni kile kipande kirefu cha chuma chepesi chenye kichupa cha maji katikati. Fundi anakilalisha juu ya ukuta, na lile povu ndani ya kichupa likikaa katikati, basi ukuta umelala sawa. Mafundi wengine wanaangalia mara moja na kuendelea na kazi. Baba hapana. Aliilalisha, akachungulia, akakohoa kidogo, akainyanyua, akaigeuza kichwa kiwe mkia, akailalisha tena palepale, akachungulia tena. Kila safari, hata kama mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni na haraka zake. Sisi watoto tulisema hayo ni maringo tu. Nyuma ya jikoni tulikuwa na mchezo wetu wa kumwiga kwa kipande cha ubao, na mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa bingwa, maana alijua kukohoa hasa kama baba. Mama alicheka mpaka akashikilia mlango. Siku moja baba alitufuma, akatutazama, akakohoa, akapita zake.

Alipofariki, wale aliowafundisha walifika kwenye matanga kutoka pande zote, mmoja hata kwa boti kutoka Ubwari, na kila mmoja alikuwa na mwiko wake kiunoni. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Tulikaa nao chini ya sheeting, lile turubai la matanga, siku zile za kilio, na katika kuzungumza likazaliwa wazo kwamba ule mwiko usiishie hapo. Kila mwaka tutamtafuta kijana mmoja anayetaka kujifunza metie, kazi ya mikono, tutamlipia masomo kwenye kituo cha ufundi na kumpa mfuko mzima wa vyombo. Bourse ya marehemu, yaani ufadhili wake wa masomo, ndivyo tulivyoiita. Baba mudogo, yaani mdogo wake baba, akajiweka kuwa prezida. Hakuna aliyempigia kura na hakuna aliyethubutu kubisha. Mimi nikawa sekretere kwa sababu nina bic.

Tukapanga kumchagua wa kwanza siku ile ile ya kumaliza kilio, mwaka ukiisha. Asubuhi ibada, halafu mashindano uani kwetu, halafu chakula, halafu wote twende makaburini kulizindua kaburi lake jipya la simenti. Baba mudogo alitaka vijana wafanye diktee, yaani imla, na hesabu. Nilimwambia baba hakuwahi kumwandikisha mtu diktee, na kama diktee inajenga nyumba basi mimi ningekuwa na ghorofa. Akanuna siku mbili. Mwisho tukakubaliana kwamba kila mmoja ajenge mistari mitatu ya matofali, na mwanafunzi wa kwanza wa baba, ambaye sasa ni fundi mkubwa mwenye mvi na wanafunzi wake mwenyewe, ndiye atakayeamua.

Wiki ya kumaliza kilio, siku ya Jumatatu, nikafanya kosa langu. Fundi mkubwa alitaka kulijenga kaburi kwa vyombo vya baba mwenyewe, kwa heshima, nasi tukaona ni jambo zuri. Nikavitoa chini ya kitanda cha mama. Lo! Simenti ya miaka yote ilikuwa imegandamana juu yake. Mimi na uchafu hatukai nyumba moja, waulize wanafunzi wangu. Nikashika mchanga, sabuni na kisu, nikasugua kuanzia nilipotoka shule mpaka jua likazama. Kwenye ncha moja ya nivo palikuwa pamezungushwa ukanda wa mpira wa baiskeli, mweusi, mchafu, na chini yake kitu kigumu. Nikaukata. Kikaanguka kifuniko cha soda kilichopondwa na kukunjwa mara mbili. Nilisema peke yangu, baba jamani, hata takataka ulizifunga kwa kamba. Nikatupa mpira na kifuniko kwenye shimo la taka, nikaendelea kusugua mpaka nivo ikang'aa. Mama alipoiona akasema muzee angefurahi.

Fundi mkubwa aliipokea kwa mikono miwili. Mpaka Jumatano kaburi lilikuwa tayari, limepakwa simenti laini juu, zuri kabisa, likafunikwa kitenge kipya kungojea Jumamosi.

Waliofika mashindanoni walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Swima, mtoto wa wavuvi, ambaye anatapika akipanda mtumbwi, kwa hiyo kwao waliona bora ajifunze kazi ya nchi kavu. Wa pili alitoka Lubondja na mkungu wa ndizi aliouleta kwa mama, na mama akaanza kumpenda kabla hajashika tofali. Wa tatu alikuwa binti wa wakimbizi wa Burundi, mwenye miaka karibu ishirini, ambaye wazazi wake wanalima mashamba ya watu. Yeye ndiye aliyenieleza mambo yake bila kuzungukazunguka nilipokuwa namwandikisha. Mwaka uliopita kituo cha ufundi kilimpokea, akasoma wiki mbili, akarudi nyumbani kwa kukosa malipo na vyombo. Mwalimu wa kule amekubali kumpokea tena mara moja tu, na mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu. Jumamosi ile kwake ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Vijana wawili walijenga vizuri, nivo ya baba ikipita mkono hadi mkono. Povu katikati, wakaendelea. Watu walikuwa wamejaa uani, bamama upande wa masufuria, mafundi wa baba upande wa ukuta, mchungaji kwenye kiti cha mbele. Zamu ya binti ikafika. Akapanga mstari wa kwanza, akailalisha nivo, akachungulia. Halafu akainyanyua, akaigeuza kichwa kiwe mkia, akailalisha tena palepale.

Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akakohoa. Naamini hakukusudia, mdomo ulimponyoka tu. Ndugu zetu wote wakaangua kicheko. Mimi damu ikanipanda. Nilijua mara moja kwamba mtu amemwambia binti huyu mchezo wetu wa utotoni, naye amekuja kumwigiza baba yetu mbele ya wageni siku ya kumaliza kilio. Kumbe alikuwa hajui chochote. Aliigeuza tena mara ya tatu, akakunja uso, akamwendea fundi mkubwa na nivo mkononi.

"Papa, hii nivo iko nadanganya," alisema.

Kicheko kikakatika. Hata masufuria nadhani yalinyamaza. Baba mudogo akasimama na suti yake yote. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka barabarani, kama tumesikia vizuri: chombo cha marehemu, kilichojenga kanisa na shule, leo kinaitwa kiongo, na nani, na mtu ambaye hata hajajua kushika mwiko. Binti akajibu polepole kwamba hana neno na marehemu, anasema juu ya chombo tu, na kama wanampa ruhusa atapima kwa njia nyingine. Baba mudogo akasema ruhusa imekwisha. Akamnyang'anya nivo, akaikumbatia kifuani. Nami, sekretere, nikachomoa bic nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake. Niliukandamiza mpaka karatasi ikachanika. Nakiri kwamba nilisikia utamu.

Nilitegemea alie au ajitetee. Akaja mbele yangu, akaniuliza kama anaweza kumaliza ile mistari yake miwili iliyobaki, kwa sababu yeye hapendi kuacha ukuta katikati. Nilimjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba amalize upesi aende zake. Watu wakaanza kuhamia upande wa chakula. Mimi nilibaki pale kwa ubaya tu, kuhakikisha anaondoka.

Akaokota chupa ya plastiki yenye maji kidogo, akaifunga vizuri, akailaza juu ya matofali kama nivo. Akachungulia maji. Akainyanyua, akaigeuza, akailaza tena palepale. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Mdogo wangu alikuwa ameshakwenda kwenye nyama. Hapo hapakuwa na wa kuringiwa wala wa kuchekeshwa, isipokuwa mwalimu mmoja aliyenuna. Alifanya vile kwa sababu hakutaka kuamini chupa kabla ya kuijaribu pande zote mbili, na mimi, mtoto wa fundi, mwenye zaidi ya miaka arobaini, nikafahamu siku hiyo baba alikuwa anafanya nini maisha yake yote.

Nikageuka kumtafuta baba mudogo. Nivo ilikuwa bado kifuani pake, inang'aa, na kwenye ncha moja kulikuwa na alama nyeupe, upana wa vidole viwili, pale ulipokuwa ule mpira. Kifuniko cha soda hakikuwa takataka. Nivo ilikuwa imepinda, pengine tangu zamani, pengine ilianguka kutoka juu ya ukuta, na baba alikuwa ameinyanyua upande mmoja kwa kifuniko ili isidanganye. Kila alipoigeuza alikuwa anahakikisha kifuniko bado kinafanya kazi. Mimi nimekitupa. Na baada ya kukitupa, nivo hiyohiyo imejenga kaburi lake.

Nikamfuata fundi mkubwa. Alikuwa na sahani ya chakula ambayo hajaigusa, na uso umemshuka kabla sijasema neno.

"Niliipima mara moja tu," akaniambia. "Nilisema iko nivo ya muzee, niigeuze ya nini?"

Sikungoja chakula. Nilisema wote twende makaburini sasa hivi. Baba mudogo akanionyesha programu iliyoandikwa, saa tisa, na mimi ndiye niliyeiandika. Nikamwambia aliyeiandika ameibadilisha. Tukatembea mpaka nyuma ya kanisa, msafara mzima, wengine na mifupa ya nyama mkononi. Mchungaji akataka kuomba kwanza. Nilimwomba anisamehe kidogo, nikavuta kitenge, nikatia mkono kwenye mkoba, nikapapasa chini ya chaki na biskuti mpaka nikaipata gololi. Ya kioo, yenye uzi wa bluu ndani. Nikaiweka katikati ya kaburi la baba yangu.

Ikatulia kidogo, halafu ikaanza kutembea. Polepole, upande wa ziwa, bila haraka yoyote, ikafika ukingoni, ikaanguka karibu na kiatu cha mchungaji.

Baba mudogo akasema ni upepo. Nikairudisha, ikatembea tena njia ileile. Mara ya tatu mama aliinama akaiokota mwenyewe. Tangu mazishi mama hakuwa amecheka. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, wageni wakija, lakini kicheko chake kile cha kushikilia mlango tulikuwa hatujakisikia mwaka mzima. Sasa akaishikilia gololi, akalitazama kaburi, mabega yakaanza kumtikisika.

"Miaka yote alitugombeza juu ya rafu kupinda," alisema, "sasa yeye mwenyewe iko nalala mu mteremko."

Akacheka mpaka akanishika bega. Tukacheka sote, mafundi wakajipiga mapaja, mchungaji akageukia upande wa kanisa kuficha meno. Wakati wako bado wanacheka nikasema yangu, kwa sauti kubwa ili nisilazimike kuirudia: kwamba mimi ndiye niliyeiosha nivo, mimi ndiye niliyekata mpira na kutupa kifuniko, na binti tuliyemfukuza hakumtukana mtu. Fundi mkubwa alisema miaka yote aliyokaa na baba hakuwahi kuambiwa kwamba nivo imepinda. Alikuwa anaambiwa neno moja tu, geuza, naye alipopata nivo yake mpya na nzuri akaiacha desturi hiyo. Baba mudogo akaikumbatia nivo upya. Akasema kumbe nyumba ya walimu ndiyo inaharibu kazi za watu. Nilistahili, nikameza.

Halafu nikakumbuka kwamba nilimwambia binti amalize upesi aende zake, naye ni mtu anayemaliza kazi.

Nilikimbia. Kwa umbo langu hili, na kitenge kipya cha kumaliza kilio kinachobana magoti, nilikimbia katikati ya Baraka mchana kweupe, na wanafunzi wangu wawili waliniona, na Jumatatu darasa lote lilikuwa linajua. Nilimkuta anatoka kwenye ua, mwiko wake mkuukuu umefungwa ndani ya kitambaa. Nyuma yake mistari mitatu ilikuwa imesimama, imekwisha. Mimi kuomba msamaha ni kazi ngumu, sikuizoea. Darasani huwa wao ndio wanaoniomba. Nikamwambia nimekosa, nivo ilikuwa na kitu chake nami nimekitoa, na kwamba kaburi la baba limepinda kwa sababu yangu. Nilikuwa nahema vibaya sana, sijui alisikia nusu gani.

Hakuniambia haidhuru. Alimtazama baba mudogo aliyekuwa anafika nyuma yangu na nivo yake kifuani, msafara mzima ukimfuata.

"Madame, kifuniko cha soda kiko?" akauliza.

Nilikuwa sijamwambia ni kitu gani nilichokitoa. Alikuwa ameiona ile alama tangu aliposhika nivo mara ya kwanza, akajua pale palifungwa kitu chembamba cha kuinyanyua, na kifuniko kilichopondwa kingetosha. Vifuniko siku ile vilikuwa vimejaa uani. Akachagua kimoja, akakiponda kwa tofali, akakikunja, akakata ukanda kutoka mpira wa baiskeli ya kijana wa Lubondja, ambaye alisema kwa bahati nzuri huo ni mpira wa akiba. Akafunga, akalalisha, akachungulia, akageuza, akachungulia. Akafungua, akakiponda zaidi kidogo, akafunga tena. Alipotosheka akampa fundi mkubwa. Safari hii fundi mkubwa aliigeuza mwenyewe, mara mbili, mbele yetu sote, na povu likakaa mahali palepale kila upande.

Akasema bourse ni ya binti huyu, na asiyekubali aongee naye. Baba mudogo akakohoa ya kwake, ya kiprezida, akatangaza jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi. Kijana wa Lubondja alichukuliwa palepale na fundi mkubwa kujifunza kwake. Yule wa Swima akaahidiwa bourse ya mwaka unaofuata, na mbele ya mashahidi. Karatasi yangu ninayo mpaka leo: jina limekatwa kwa bic nyekundu, na juu ya tundu la karatasi limeandikwa tena, kwa bic ileile, herufi kubwa. Jumatatu, kabla ya kengele ya shule yangu, nilimpeleka mwenyewe kwenye kituo cha ufundi, nikasimama pale mpaka akaandikishwa, nikachelewa darasani na kujiandikia adhabu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi makaburini, familia tu, na fundi mkubwa, na binti. Walibandua sehemu ya juu wakaijenga upya, yeye na mzee yule, bila kuzungumza sana. Alasiri simenti ilipokaza, mama akanipa gololi niiweke. Nikaiweka katikati. Tulingoja. Haikwenda popote. Watoto wa mdogo wangu wakaipuliza kidogo, ikasogea, ikasimama.

Binti akasema hata hivyo anataka kupima mara moja tena kabla ya kukusanya vyombo. Akailalisha nivo juu ya baba, akachungulia, akainyanyua. Nilimwangalia mdogo wangu kwa jicho la darasani ili asithubutu, na kweli akajikaza, akafunga mdomo. Binti akaanza kuigeuza, kichwa kiwe mkia.

Mama ndiye aliyekohoa.